Baiskeli ya milima: anayeanza atenge kiasi gani?

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

WATU wengi wanaonunua baiskeli ya milima kwa mara ya kwanza huanza na swali moja tu: bei gani? Muuzaji hutaja bei, mnunuzi huomba apunguziwe, wanakubaliana, na fedha yote iliyokuwa mfukoni inaishia hapo. Wiki ya pili tairi la nyuma linapasuka. Wiki ya tatu mnyororo unaanza kuruka kwenye meno. Mwezi haujaisha, baiskeli imeegeshwa ukutani ikisubiri spea, na mtaji wa mwenyewe umelala pale pale ukutani pamoja nayo.

Wiki hii ukurasa huu unaliangalia suala hilo kwa upande wa mwananchi mwenye mtaji mdogo: mchuuzi wa mboga, muuza maziwa au mayai, fundi anayezunguka na vifaa vyake, au kijana anayetaka kuingia katika biashara ya kukodisha baiskeli. Jibu letu kwa kifupi ni hili. Usianze na bei ya baiskeli. Anza na fedha yote uliyo nayo kwa shughuli hiyo, kisha utenge fungu la vifaa na matengenezo kabla hujaingia sokoni. Kwa baiskeli mpya fungu hilo liwe moja ya tano. Kwa mtumba liwe theluthi moja. Kinachobaki ndicho cha kununulia baiskeli. Aidha, jumla yote isizidi kile ambacho baiskeli yenyewe inaweza kukurudishia ndani ya mwaka mmoja.

Bei zilikotoka

Baiskeli ya milima, ambayo mitaani wengi huiita baiskeli ya gia, si chombo cha zamani sana. Ilianzia katika vilima vya Marin, jimbo la California nchini Marekani. Huko katika miaka ya 1970 vijana walichukua baiskeli nzito za kizamani zenye matairi manene na kushindana kuteremka nazo katika njia za vumbi. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, moja ya baiskeli za kwanza za aina hiyo kutengenezwa kwa wingi, kwa takriban dola 750. Fedha hiyo kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 2,500.

Leo katika nchi hiyo hiyo baiskeli ya anayeanza, kutoka kwa kampuni yenye jina, huanzia kati ya dola 500 na 800 hivi, na breki na gia zake ni bora kuliko zile za 1981. Hapo kuna funzo kwa mnunuzi. Katika bidhaa hii, kitu kilichokuwa cha matajiri jana huwa cha kawaida kesho, na anayeanza hana sababu ya kulipia toleo jipya kabisa. Tofauti ya bei kati ya baiskeli nzuri ya kawaida na ile ya mashindano hulipia zaidi upungufu wa uzito na ulaini wa kubadili gia, mambo ambayo mpandaji mgeni hayatambui sana, na kreti la nyanya haliyatambui kabisa.

Inanunuliwa kwa kazi gani?

Kabla ya kutaja shilingi, mnunuzi ajiulize kama kweli anahitaji baiskeli ya milima. Tofauti kubwa kati yake na baiskeli ya kawaida, kama Phoenix ya China au Hero na Avon za India, ni gia.

Chukua baiskeli ya kawaida yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila unapozungusha pedeli mzunguko mmoja, baiskeli inasogea kama mita 5.4. Kwenye barabara tambarare ya Shinyanga au Tabora huo ni mwendo mzuri. Katika kupanda kilima cha Lushoto au cha Mgeta, hata hivyo, mtu hushuka na kusukuma. Baiskeli ya milima yenye matairi ya inchi 26, ikiwekwa kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma, husogea kama mita 2.1 tu kwa mzunguko mmoja. Unakwenda polepole, lakini unakwenda ukiwa umekaa, na nguvu inayohitajika kwa kila mzunguko ni chini ya nusu. Basi kama njia zako ni za vilima, unalipia kitu utakachokitumia kila siku. Kama njia zako ni tambarare, unalipia gia zitakazoota kutu.

Jambo la pili ni mzigo. Baiskeli nyingi za milima hazikuundwa kubeba gunia. Viwanda huweka kikomo cha uzito: kampuni ya Trek ya Marekani, kwa mfano, huweka kilo 136 kwa baiskeli zake nyingi za aina hii, mpandaji, baiskeli na mzigo vikijumlishwa. Mpandaji wa kilo 65 na baiskeli ya kilo 15 wanabakiza kilo 56 za mzigo. Hizo zinatosha kwa kreti mbili za mboga, trei za mayai au madumu mawili ya maziwa ya lita 20. Hazitoshi kwa gunia la viazi la kilo 100. Mwenye kazi ya magunia anunue baiskeli ya kawaida yenye fremu nzito na keria ya chuma, au akodi guta. Atapata chombo imara zaidi kwa kazi hiyo, na mara nyingi kwa fedha ndogo zaidi.

Rahisi inayoishia kuwa ghali

Hatari kubwa kwa anayeanza ni baiskeli mpya inayong'aa, yenye shokapu mbele na nyuma, disiki, gia 21 na rangi za kuvutia, lakini bei yake ni ndogo kiasi cha kushangaza. Hapo mnunuzi ajiulize: kiwanda kimepunguza wapi?

Shokapu za bei ya chini huwa ni springi tupu ndani ya bomba la chuma. Zinaongeza uzito, zinarukaruka badala ya kutuliza mtikisiko, na zikiisha kwa kawaida hazitengenezeki. Shokapu ya nyuma ni mbaya zaidi kwa mchuuzi. Inameza nguvu za miguu wakati wa kupanda, viungio vyake hulegea, na inakuwa vigumu kufunga keria madhubuti. Fedha iliyokwenda kwenye springi hizo ndiyo iliyokosekana kwenye haba, gololi, rimu na breki, yaani vile vitu ambavyo kazi yote inavitegemea.

Ushauri wetu kwa mwenye fedha kidogo ni huu: foki ngumu ya chuma isiyo na shokapu, fremu ya chuma, na breki za mpira zinazobana rimu. Fremu ya chuma ikipata ufa, mchomeleaji wa kawaida anaweza kuiunga. Fremu ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini kuiunga kunahitaji mashine na ufundi wa pekee ambao haupatikani kila kona. Breki za disiki za mafuta husimamisha vizuri sana hata matopeni, lakini zikivuja unahitaji mafuta ya aina yake hasa, na si kila fundi anayo. Breki za mpira hubadilishwa njiani kwa spana moja.

Kwa upande wa gia, anayeanza akitaka kupima daraja la baiskeli asome majina kwenye kifaa cha nyuma cha kubadilishia gia. Kwa vifaa vya Shimano vya Japani, Tourney ndiyo ngazi ya chini. Juu yake kwa miaka mingi zilikuwapo Altus, Acera na Alivio, ambazo kampuni ilianza kuziunganisha katika jina la CUES kuanzia mwaka 2023. Kisha inakuja Deore, na juu zaidi SLX, XT na XTR. Kwa mchuuzi, Altus hadi Alivio zinatosha kabisa. Akipata mtumba wenye Deore usiochakaa, amepata mali nzuri.

Mtumba na namba za matairi

Kwa wengi wetu soko halisi ni la mtumba. Tangu kati ya miaka ya 2010 viwanda vya Ulaya na Marekani vimehamia kwenye magurudumu ya inchi 27.5 na 29 kwa baiskeli za milima za watu wazima, na ile ya inchi 26 imepitwa na mitindo huko. Kwa mnunuzi mdogo hiyo ni habari njema. Baiskeli nzuri ya inchi 26 hupoteza thamani kwao kwa sababu ya mitindo tu, ilhali matairi na tyubu zake bado zinatengenezwa kwa wingi.

Hata hivyo, kuna mtego hapa ambao umewala wengi. Namba "26" haina maana moja. Tairi la 26 la baiskeli ya milima na lile la 26 x 1 3/8 la baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani haviingiliani. Namba ya kuaminika ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi, yenye tarakimu 3 mwishoni, inayoonyesha kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu kwa milimita. Baiskeli ya milima ya 26 ni 559. Ile ya 26 x 1 3/8 ni 590. Ya inchi 27.5 ni 584. Ya inchi 29 ni 622. Na ile ya kawaida ya 28 x 1 1/2, inayotumiwa na Phoenix na ndugu zake, ni 635.

Angalia hizo mbili za mwisho. Anayenunua baiskeli ya 29 akidhani kwamba siku ya dharura atavalisha tairi la 28 la duka la kijijini, atakuta linapwaya kwa milimita 13 na halikai. Kabla hujalipa, soma namba ya tairi, kisha nenda kwenye maduka 3 ya spea ya eneo lako uulize kama wanayo. Kama hakuna hata moja, baiskeli hiyo si rahisi, hata muuzaji akipunguza bei nusu.

Kagua kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi wa mtumba aende na rula, kitambaa na muda wa kutosha. Haya ndiyo ya kutazama.

Kwanza, mnyororo. Pima kwa rula kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 25. Mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, unahitaji mnyororo mpya. Ukizidi kwa moja ya nane, kwa kawaida meno ya nyuma nayo yamekwisha, na gharama inaongezeka.

Pili, fremu. Futa vumbi kwa kitambaa, kisha tazama chini ya bomba la usukani na kuzunguka bomba la pedeli. Rangi iliyovimba au mstari mwembamba unaweza kuwa ufa. Jaribu kupandisha na kushusha kiti. Bomba la kiti lililoganda ndani ya fremu ni kazi kubwa kwa fundi, na wakati mwingine halitoki kabisa.

Tatu, magurudumu. Yainue yazunguke. Yakiyumba kidogo, fundi atakaza spoki. Yakiruka juu na chini, rimu imepigwa. Pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu mahali breki inapobana. Ukisikia umebonyea, rimu imeliwa.

Nne, shika mkono wa pedeli uutikise kulia na kushoto. Ukicheza, gololi au beringi za ndani zimekwisha. Fanya hivyo pia kwa usukani huku umebana breki ya mbele.

Tano, kimo. Simama juu ya baiskeli, miguu yote chini. Kama bomba la juu linakugusa, ni kubwa kwako, na hakuna punguzo litakaloifanya iwe ndogo.

Mwisho, karatasi. Andika kwenye risiti namba ya fremu, ambayo mara nyingi hupigwa chini ya bomba la pedeli, pamoja na jina la muuzaji. Baiskeli ya wizi ni rahisi siku ya kununua tu. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na mwenyewe akijitokeza unapoteza vyote viwili, chombo na fedha.

Hesabu ya mchuuzi

Sasa tuje kwenye shilingi. Bei hutofautiana mji kwa mji na hubadilika kila mzigo mpya unapoingia, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano. Kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme mchuuzi ana shilingi 300,000 na anataka mtumba. Theluthi moja, yaani 100,000, anaiweka kando. Katika hiyo, 50,000 ni ya matairi mawili na tyubu zake, 20,000 ni ya waya, mpira wa breki, grisi na ujira wa fundi, 15,000 ni ya kofia ngumu ya kichwani, na 15,000 iliyobaki ni ya kufuli, pampu, viraka na spana. Baiskeli yenyewe isizidi 200,000. Akikuta nzuri ya 230,000, asichukue 30,000 kutoka kwenye fungu la pili. Asubiri wiki mbili atafute tofauti.

Tuseme pia kwamba hadi sasa analipa bodaboda 2,500 kwa siku kufikisha mboga gulioni, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni 60,000. Baiskeli itakula kama 10,000 kwa mwezi kwa viraka, mafuta na akiba ya tairi lijalo. Anabakiza 50,000. Fedha yake ya 300,000 inarudi katika miezi 6. Baada ya hapo baiskeli inamfanyia kazi yeye.

Mwenzake anaamua kununua ya 900,000, yenye disiki za mafuta na shokapu nzuri. Mboga ni zile zile, gulio ni lile lile, akiba ni ile ile ya 2,500 kwa siku. Hata kama matengenezo yake yangekuwa sawa, ambayo hayatakuwa sawa, fedha inarudi katika miezi 18. Katika muda huo chombo kinaweza kuibiwa, kuanguka korongoni au kuhitaji spea kutoka mbali. Kama mtu anapenda mchezo wa baiskeli na fedha ni ya starehe, hilo ni jambo lake na hakuna ubaya. Lakini asiiandike kwenye daftari la biashara.

Mkopo nao unabadilisha hesabu. Yule wa kwanza akikopa 300,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye deni lote la mwanzo, kila mwezi 30,000 inakwenda kwa mkopeshaji kabla deni halijapungua hata senti. Inabaki 20,000 ya kupunguza deni, nayo itachukua miezi 15. Kwa jumla atakuwa amelipa riba ya 450,000 kwa baiskeli na vifaa vya 300,000. Afadhali aendelee kulipa bodaboda miezi michache huku akidunduliza, au anunue kupitia kikundi cha kuweka na kukopa ambacho riba yake hupungua kadiri deni linavyopungua.

Kwa mwenye duka na mwekezaji

Kwa wanaotaka kuwekeza katika biashara hii, shida tuliyoieleza ya matairi ni nafasi yao. Mwenye duka la spea katika mji wa vilima asijaze rafu kwa baiskeli nzima peke yake. Matairi na tyubu za 559 na 590, waya, mpira wa breki na minyororo ni bidhaa ndogo zinazozunguka haraka. Zipangwe kwa namba ya milimita, si kwa inchi tu, na wateja watakaookolewa na hasara watarudi.

Anayetaka kukodisha baiskeli kwa wageni au vijana aanze na 4 za aina moja, si 8 za aina 8. Aina moja ina maana ya tyubu moja, waya mmoja na mnyororo mmoja wa akiba kwa zote, na ya nne ikifa inakuwa spea za zile tatu.

Kwa anayeanza, basi, kiasi sahihi si kikubwa wala si kidogo kuliko vyote. Ni kile kinachonunua fremu nzima, magurudumu yanayozunguka sawa na breki zinazoshika, kikabakiza fedha ya tairi mfukoni. Akienda sokoni Jumamosi, fungu la matengenezo aliache nyumbani. Muuzaji hawezi kuibembeleza fedha ambayo haiko mfukoni.